Chumba cha Ndani Katika Nyumba ya Babu

Shehe wetu, shangazi yangu, wazee wa ukoo, ndugu na wanangu mliofika kutoka Kirongwe na Jibondo, assalaam alaykum. Mmeniita nieleze mkataba tuliopangishia nyumba ya babu iwe nyumba ya wageni, unaokwisha mwezi huu. Nitaueleza. Kwanza naomba mnivumilie nimsomee marehemu dada yangu barua niliyochelewa kumwandikia.

Mpendwa dada Mwanaidi,

Ulipoambiwa kwamba hakuna dawa tena, hukutaka pole ya mtu. Ulitaka siku mbili katika nyumba tulimozaliwa. Nikakupeleka kama mgeni, Ijumaa hadi Jumapili, kulala pamoja na chai ya asubuhi, kwa kuwa siku hizi hakuna njia nyingine ya kuingia humo.

Kibao cha mlangoni kilisema “Nyumba ya Kihistoria”. Binti wa mapokezi, mtoto wa bara mwenye adabu, alikuamkia, akatutembeza na kutusimulia habari za babu yetu pasipo kujua sisi ni nani.

“Mzee huyu alikuwa na wake saba.”

“Saba!” ukamaka. “Na shehe wake alikuwa wapi?”

Ulicheka hadi ukashika ukuta, nami nikaona jinsi mkono wako ulivyokonda.

Kisha tukafika chumba cha ndani. Humo walioshwa wafu wote wa nyumba ile: babu, bibi, hata mama yetu. Sasa ilikuwamo meza ndefu ya chai, na pale penye tundu la kupitishia maji palitandikwa busati.

“Wageni wanapapenda sana hapa,” binti alisema. “Pana ubaridi.”

“Ndiyo, mwanangu,” ukamjibu. “Pana ubaridi.”

Jumamosi asubuhi, mbele ya chapati uliyoshindwa kuila, uliniuliza kama kwenye mkataba tulikibakiza chumba kile. Nikasema sikumbuki. Dada, nilikumbuka neno kwa neno. Niliuandika mimi, msomi wa ukoo, na wazee walioketi hapa waliweka dole gumba kwa kuniamini. Niliandika “nyumba yote, bila kubakiza chumba hata kimoja”, nikajisifu moyoni kwamba sentensi ile haina mwanya.

Ulilisoma jibu usoni mwangu. “Mwalimu, umeandika vizuri hata umetufungia nje.” Kisha ukasema, bila mzaha: “Mimi nitaoshwa humuhumu. Niahidi.”

Nikaahidi.

Ulifariki wiki sita baadaye, alfajiri. Shangazi na wanawake wenzake wakatangulia kwenye nyumba ya babu na ndoo, sanda na karafuu maiti. Msimamizi wa nyumba ile ya wageni alitupokea barazani kwa heshima zote.

“Poleni sana, wazee wangu. Lakini wageni wako mezani. Mngesubiri kidogo tu wamalize.”

“Tangu lini maiti akapanga foleni?” shangazi akamwuliza.

Msimamizi hakubishana naye. Alileta mkataba, akaniwekea kidole juu ya sentensi yangu. Wewe ulikuwa garini, mita chache tu kutoka mlangoni. Kutoka ndani vilisikika vijiko vikigonga vikombe. Wote walinigeukia mimi, wakingoja niseme neno, nami nikasema: “Ana haki.”

Ulioshwa uani kwa jirani, nyuma ya kanga zilizotundikwa kambani, wanawake wakizishikilia zisipeperushwe na upepo.

Watu wananifariji kwamba hukujua lolote. Huenda. Ila mimi nilijua, na sijapata njia ya kumwomba radhi mtu asiyeweza tena kunikatalia. Nakusomea dua kila siku, na kila siku najiona kama mtu anayelipia kosa kwa kitu kisicho chake.

Mola akupe nafasi pana kuliko ile niliyokunyima.

Mdogo wako.

Shehe wetu, shangazi, wazee wangu: msimamizi ameomba mkataba uendelee kwa maneno yaleyale. Sitautia sahihi, wala sitaandika mwingine. Shangazi ana umri mkubwa kuliko sote, na hajaficha mahali anapotaka kuoshwa. Nimeamua nyumba irudi kwa ukoo mwezi huu ukiisha, lakini uamuzi wangu peke yangu hautoshi, unahitaji wenu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa twende sote tukamwambie msimamizi ana kwa ana. Asiyekubali na aseme sasa, shangazi akimsikia.