Mikono Minne Ndani ya Kasha

Machakos Mjini,
Jumatano.

Kwa Dada yangu mheshimiwa, Syombua,

Nakuamkia kwa heshima unayostahili wewe uliye mkubwa wetu sote tuliobaki, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi vizuri, na lile goti la kulia limepunguza ukali wake sasa kwa kuwa mvua zimekatika huko Shimba Hills. Je, minazi michanga niliyoiacha karibu na kisima imeshika? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima. Kifua hunibana asubuhi kwa ajili ya baridi ya milima hii, lakini nikishapata chai ya moto hutulia.

Naomba radhi, tena naomba nikiwa nimevua kofia, kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza swali moja tu: kama naishi vyema na mke wa mwanangu. Nilianza kukujibu, nikachana karatasi. Nikaanza tena, nikachana tena. Najua ungependa nikupigie simu. Lakini simu yako, Dada, huwekwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie, na hili nililo nalo halifai kusikiwa na watoto kabla yako. Nimemshika mkamwana wangu mkono. Nimemwita pia kwa jina lake. Niruhusu nikueleze ilivyokuwa, kisha uamue wewe.

Unajua tulivyolelewa katika nthoni: baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hapokei kitu kutoka mkononi mwake, wala hamtaji jina. Hapa mjini wengi wameiacha adabu hiyo. Mimi sikuiacha, na Mama Ndanu (ndivyo nimwitavyo, kwa jina la mtoto wake) naye alilelewa na mama aliyeishika. Basi tumeishi kwa meza. Yeye huweka kikombe mezani akaondoka, ndipo mimi nikakichukua. Mwanangu Mutinda alipokuwa nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha maneno yetu. Tangu aanze kuendesha lori la Juba, na mjukuu wetu Ndanu kwenda shule ya bweni, kati yetu imebaki meza peke yake.

Mama Ndanu huchora kwa kompyuta vielelezo vya viatu, yaani umbo la kila kipande cha ngozi ili wakataji wakifuate. Mwenye karakana mmoja upande wa Kinanie alimjaribu kwa viatu vya shule vya wasichana. Michoro ilitakiwa Jumatatu asubuhi kabla wafanyakazi hawajagusa ngozi. Ikifika, angepewa kazi zote za mwaka. Isipofika, kazi zingekwenda kwa kijana fulani wa Syokimau mwenye mashine zake nzuri. Alhamisi, kompyuta yake ikafa. Michoro yenyewe, ambayo haikuwa imekamilika, ilikuwa salama katika kifaa cha kuhifadhia; kilichokufa ni mwili.

Kaka yake alimtumia bodi mpya, ile sahani kubwa ya ndani ambayo akili yote ya mashine hushikamana nayo. Kasha la kuitia, kwa kuwa la zamani halikuitosha, akalinunua sokoni Tala, la mtumba, la kampuni yenye jina kubwa, chuma kizito. Muuzaji alimwapia, "Mama, hii kila kitu inaingia. Hata ukitaka kufuga kuku." Hakikuingia kitu. Makampuni hayo, Dada, hutengeneza kasha ili lipokee viungo vyao tu, vya mwingine livikatae. Sakafu yake ya bati ilikuwa na vinundu vilivyoinuliwa kiwandani, na hakuna hata kimoja kilichoelekea tundu la bodi mpya. Dirisha la nyuma, panapoingilia nyaya, lilikuwa la sura nyingine kabisa. Pesa za kununua kasha jingine hazikuwapo.

Ijumaa jioni nilimwona ameketi barazani, kasha mbele yake, akilipapasa kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Nikasema, huku nikitazama uani, "Mama Ndanu, kompyuta siijui. Lakini bati nalijua."

Unakumbuka ulivyonicheka nilipofungasha mkasi wangu wa bati, tupa, na nyundo ya mbao niliyopewa misheni nilikofanya kazi ya bati: "Unakwenda kwa mwanao au unakwenda kibaruani?" Basi Jumamosi nzima nilikuwa kibaruani. Nilivilaza vinundu vile kwa nyundo hadi sakafu ikawa tambarare kama sinia. Nilikata dirisha jipya la nyuma, nikalisugua kingo zisimkate mtu. Drili niliazimwa na jirani yetu Athumani, mchomeaji vyuma ambaye wazazi wake walitoka pwani kama sisi. Alisimama mlangoni akinitazama.

"Mzee wa misheni, hiyo ni kompyuta ama ni jiko unatengeneza?"

"Ni kompyuta, Bwana Athumani."

"Haya. Ikikataa kuwaka usitupe. Tia makaa, mimi nitaleta mahindi."

Akacheka peke yake, kisha akaniambia anakwenda harusini Kibwezi hadi Jumatatu. "Drili usipeleke kanisani, mzee."

Sikuipeleka kanisani, lakini niliitumia Jumapili baada ya ibada ya kwanza, na Mungu anisamehe. Tulikuwa tumefanya kazi kwa kupokezana, kama tulivyozoea: nikiwa barazani, yeye ndani, akitoka yeye, mimi naenda kuketi uani. Alikuwa ameilaza bodi juu ya karatasi, akachora mzingo wake, akatoboa kwa sindano penye kila tundu, kisha akaniachia karatasi hiyo mezani. Kando ya mchoro alikuwa ameandika: "Baba, shikamoo. Naomba utoboe bati penye alama. Asante." Nikailaza karatasi kashani, maandishi juu, nikatoboa mashimo yote, moja baada ya jingine, safi kabisa. Nilijisifu kidogo moyoni.

Nikaenda uani. Nikamsikia akitoka, nikasikia bodi ikiguswa kwenye bati.

"Baba."

"Naam."

"Karatasi uliilaza aje?"

"Maandishi juu, mama."

Akasema polepole, "Ilikuwa ilale kifudifudi."

Aliichora bodi ikiwa imelala uso chini; kwa hiyo karatasi nayo ilipaswa kugeuzwa. Mimi nilikuwa nimetoboa kinyume, kama mtu aliyeshona glavu ya mkono wa kulia kwa ajili ya mkono wa kushoto: vidole vyote vipo, gumba liko pasipo pake. Lakini, Dada, karatasi iliyoanza kwa kuniamkia, ningeilazaje uso chini?

Nilianza kuomba radhi kwa maneno marefu. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Baba, si wewe. Ningekuwa nimekaa hapa ningekuonyesha. Sasa saa hazitoshi ya kupokezana. Mimi nashika bodi, wewe weka alama na msumari. Pamoja."

Fikiria kasha hilo. Halizidi debe la unga kwa upana. Yeye alishika bodi humo ndani isicheze, nami nikapitisha msumari katika kila tundu kukwaruza bati chini yake. Mikono minne mahali pasipotosha miwili. Nilivuta mikono ya shati langu hadi ikafunika vidole nusu. Yeye alishikilia pembe ya mbali kwa ncha za kucha, mabega yameinuka, pumzi ameibana. Nilipohitaji kufika pembe ile, aliachia, akahamisha mkono upande mwingine, ndipo nikaingiza wangu. Kila mara bodi iliteleza kidogo, na kila mara tulirudia. Jua lilikuwa limekwisha kupita katikati, na umeme wa mtaa wetu, siku za Jumapili, hauna ahadi.

Hatimaye alama zikakaa. Akaitoa bodi, nikatoboa upya, nikafunga viguu vidogo vya shaba ambavyo bodi huketi juu yake ili isiguse bati. Kabla ya kuirudisha alinionya: "Baba, chenga moja tu ya chuma ikibaki hapo chini na stima ipite, bodi imeungua. Na hakuna ingine." Nikapangusa kwa kitambaa, nikakung'uta kasha juu chini, nikapangusa tena. Bodi ikaketi. Skrubu zote zikaingia. Akaunganisha nyaya, akachomeka waya mkubwa ukutani, akanyoosha mkono kwenye swichi ya soketi.

Mimi nilikuwa nimeinama usawa wa meza nikilitazama dirisha langu la nyuma. Jua la alasiri liliingia kwa ubavu. Nikaona, kati ya bodi na sakafu, kitu kinang'aa: chenga ya bati iliyojikunja, imeegemea kiguu cha shaba, ncha yake inagusa tumbo la bodi.

"Mwende, acha!"

Nilikuwa nimekwisha kumshika kifundo cha mkono. Nilikishika kwa nguvu, Dada, kama mtu anavyomnyaka mtoto aliye ukingoni mwa kisima. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya swichi. Mkono wake ulikuwa baridi. Sijui niliushika kwa muda gani. Nilipouachia, nilimwonyesha kwa kichwa palipo na chenga, kisha nikatoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Sikujua niuweke wapi mkono wangu.

Akaja hadi mlangoni.

"Baba, rudi ndani. Mkono yangu haijakatika."

"Nimekukosea, mama. Nimekushika, na nimekutaja jina."

Nilidhani analia, nikaogopa kugeuka. Kisha akasema, "Hakuna mtu ameniita Mwende kwa hii nyumba tangu Mutinda aende Juba." Akaongeza: "Kuja unishikie tochi. Hiyo kitu siioni."

Nikaenda nikamshikia tochi. Aliivuta chenga ile kwa kipande cha utepe wa kubandika, taratibu, huku nikimwelekeza: kushoto kidogo, sasa chini, hapo. Ilipotoka aliiweka kiganjani akaitazama. Ilikuwa nyembamba kama ukucha wa mtoto.

Akawasha ukutani. Waya wa swichi ya mbele ya kasha lile ulikuwa na plagi isiyoingia popote, kwa hiyo akagusisha vijiti viwili vya bodi kwa ncha ya bisibisi, kama nilivyowahi kuona mafundi wakiwasha gari lisilo na ufunguo. Feni ikasita. Kisha ikazunguka. Nilisikia mtu akisema "Asante, Bwana," nikatambua kuwa ni mimi.

Alichora bila kuinuka, na mchoro wa mwisho aliutuma kabla ya adhana ya magharibi. Chai nilipika mimi. Jumatatu asubuhi mwenye karakana alipiga simu: kipande cha kisigino kipanuliwe kidogo, vingine vyote vikatwe. Kazi ya mwaka ni yake. Athumani aliporudi alilikagua kasha, akaona mashimo yangu ya makosa, akauliza ni ya nini. Mkamwana wangu akamjibu kwamba hayo ni ya kupitisha hewa.

Mutinda tulimweleza kwa simu, akacheka sana. "Baba, hayo ni ya zamani, achana nayo." Lakini mkewe hakucheka. Aliniambia baadaye, akiwa ameketi upande wa pili wa meza badala ya kuondoka, "Tukinyamaza, Baba, tutarudi tu vile tulikuwa. Wacha mkubwa wenu aseme." Nami naona amesema kweli, kwa kuwa tangu siku ile kila mmoja wetu anapoweka kikombe mezani husimama kidogo, hajui kama aondoke au abaki.

Kwa hiyo nakuletea wewe. Kama ni mbuzi, mchukue yule wangu mweupe, nami sitanung'unika. Kama ni maombi, taja siku, nitafunga. Lolote utakaloamua nitalitimiza. Ila nakusihi, kwa unyenyekevu wote, na unisamehe kwa kumwomba mkubwa apime neno lake: adhabu nitaipokea, lakini usituamuru turudi kuwa watu wawili wanaoachiana vitu mezani katika nyumba tupu. Siku naondoka huko uliniambia nisimkoseshe raha mtoto wa watu nyumbani mwake. Nilidhani nilikuwa nakutii.

Nisalimie mpwa wetu Kioko anayenichungia mbuzi, na umwambie kamba ya kisima ibadilishwe. Nisalimie mjane wa mdogo wetu, anayekupikia uji. Mungu amzidishie subira ya kusikia hadithi zako. Mwinjilisti mzee wa kanisa letu mwambie kwamba naimba sauti ya nne hata huku, ingawa hakuna anayeniunga mkono. Na mtu akipita penye kaburi la marehemu mke wangu Kalekye, ang'oe majani kwa niaba yangu.

Yeye aliyeshikwa mkono amekataa kusemewa. Amesema atakuja mwenyewe kuketi mbele yako na kueleza, naye anapanda basi Ijumaa asubuhi. Mpokee kama binti.

Ni mimi ndugu yako mdogo, mwenye kukuheshimu daima,

Yeremia Kilonzo

Kwa mkono wa Mwende, mke wa Mutinda, ambaye nimempa bahasha hii mkononi mwake.