Tisa Toa Tatu

Kisumu Ndogo,
Malindi.
9 Juni 1986

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Lewa,

Shikamoo, Baba. Na shikamoo ya pili mpelekee Mama huko jikoni, umwambie ni yake peke yake. Natumaini barua hii itakukuta barazani na miwani yako puani, wala si kitandani kwa sababu ya lile goti. Je, uvimbe umepungua? Nimesikia kwamba umekataa kukandwa kwa maji moto, ati goti ni lako na unalijua. Baba, kubali kukandwa. Mimi huku sijambo. Masika yametuachia madimbwi na mbu, lakini afya ninayo, na kazi ya cherehani haijalala. Nashona sare za shule mpaka vidole vinanuka mafuta ya mashine. Ndugu yangu Jefwa naye ni mzima. Huja kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni kila Jumapili, ngozi imekauka kwa chumvi, njaa yake ni ile ile unayoijua.

Najua mazoea yako ya kusoma barua kuanzia ukurasa wa mwisho, uone kwanza kama kuna msiba. Hakuna msiba. Kwa hivyo nakuomba uanzie mwanzo, twende pamoja polepole, maana huko mwisho nimeweka neno nililolificha miaka kumi na minane, na singependa likufikie kabla hujaketi vizuri.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kanisa letu hili la mabati limenikabidhi darasa la watoto la Jumapili. Huu ni mwaka wa tatu. Watoto ni hamsini na kitu, wengine wanakuja na wadogo zao mgongoni, na kelele zao zinasikika mpaka sokoni. Nawapenda, Baba. Wiki nzima nainamia nguo za watu, lakini siku ile moja nahisi nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Basi mwezi wa nne baraza la wazee likaniita. Mwenyekiti wetu ni Mzee Gitau, seremala aliyehamia huku kutoka bara zamani, mtu mwema asiyepita mgonjwa bila kumjulia hali. Akasema watoto wamekuwa watundu, hawashiki mistari ya kukariri, na kwamba mwalimu asiyeshika fimbo anakwenda kinyume na Maandiko. Akaitaja mistari ya Sulemani juu ya fimbo na mtoto, ile ile uliyokuwa ukiipenda, akaongeza na Waebrania. Kisha akatoa fimbo yenyewe chini ya meza. Ni ya mkwaju, ameipiga randa, akaisugua msasa, akaipaka na vanishi. Alinieleza kwa fahari kwamba haina hata kibanzi kimoja cha kumchoma mtoto. Sikujua nicheke au nilie. Mama Nduku, mzee wa kanisa pekee wa kike, akauliza kama wenzake wanamkumbuka Rehoboamu, mwana wa Sulemani huyo huyo, aliyetisha watu kwamba atawapiga kwa nge, makabila kumi yakamkimbia. Wakakohoa wote. Lakini uamuzi ukabaki pale pale: ama niishike fimbo, ama darasa apewe mwingine. Nikaomba wiki mbili.

Wiki hizo sikulala vizuri. Kunyang'anywa darasa lile kwangu ni kukatwa mkono. Nikaifungua Biblia yako uliyonipa nilipohamia Malindi, nikafuata alama zako za penseli. Ndipo nikafika Kumbukumbu la Torati, pale panapotajwa yule mtu aliyehukumiwa viboko. Nikasoma kama sijawahi kusoma. Kesi isikizwe kwanza. Hakimu mwenyewe awepo, apigwe mbele ya macho yake. Viboko vihesabiwe, visizidi arobaini, ili ndugu yako asidharaulike machoni pako. Pembeni palikuwa na mwandiko wako mdogo: 9 – 3, na tarehe, 14/7/68. Nikadhani ni hesabu ya mahubiri fulani, nikaendelea na yangu.

Maana niliona kumbe ile ndiyo sheria ya nyumbani kwetu. Hukutupiga hata siku moja ukiwa umesimama kwa hasira. Ulikaa kitini, ukasikiza mashitaka, ukatoa hukumu. Kosa kubwa lilikuwa kumi, ukatoa moja, ukatueleza kwamba Wayahudi walifanya hivyo wasije wakamzidishia mtu kwa kukosea hesabu, na ndiyo sababu Paulo alipigwa mara tano arobaini kasoro moja. Na hesabu yenyewe ukampa ndugu wa mkosaji, aihesabu kwa sauti, ili awe shahidi.

Nikarudi kwa wazee, nikawaambia nakubali fimbo, ila nakubali na sheria yake yote. Hakuna mtoto atakayepigwa darasani mwangu bila kesi kusikizwa, na mzee atakayehukumu ndiye atakayepiga, mbele ya wenzake, na ndugu wa mtoto ahesabu. Mzee Gitau alifurahi kabisa. Akasema sasa tumekuwa watu wa Maandiko.

Kesi ya kwanza ikaletwa jana baada ya ibada. Mshitakiwa ni Easter, msichana wa miaka tisa, mama yake anauza njugu karanga. Alichana ukurasa wa kitabu cha nyimbo akafungia njugu. Hakukana. Alisema wimbo huo watu wote wanaujua kwa moyo, kwa hivyo hakuna aliyepungukiwa. Mama Nduku alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hukumu ikawa viboko vitano, kutoa kimoja. Mdogo wake Kasiva, mwenye miaka sita, akawekwa kando ahesabu, na mtoto yule hesabu anaijua hasa, maana ndiye anayepima njugu mama yake akiondoka.

Mzee Gitau akapiga cha kwanza, si kwa nguvu. Kasiva akasema moja. Akapiga cha pili. Kasiva akavuta pumzi, akasema nne.

Mzee Gitau akamtazama, akamuuliza kama kweli wamefika nne. Akajibu ndiyo, Mzee, bila kupepesa macho. Akamuuliza nani aliyemfundisha kuhesabu, naye akaninyooshea mimi kidole. Mzee akaitazama fimbo yake ile nzuri kwa muda, akaiweka mezani, akasema kama ni mwalimu aliyemfundisha basi hesabu ni sahihi na kesi imekwisha. Baadaye akaniletea fimbo, akaniambia inafaa zaidi kwa kuonyeshea herufi ubaoni, na kwamba darasa ni langu. Nilimshukuru Mungu kwa furaha, Baba. Nilikwenda nyuma ya kanisa penye tangi la maji, nikalia mpaka Jefwa akaja kunitafuta.

Sasa kaa vizuri.

Unakumbuka kioo cha karabai la kanisa la Kaloleni. Jefwa alionekana akitoka kanisani wa mwisho, kioo kikakutwa kimevunjika, naye hakusema lolote, ukamhukumu kumi kasoro moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikapewa kuhesabu. Baba, kioo nilikivunja mimi. Nilishusha karabai kutoka kwenye ndoana nijifanye wewe, nilitaka kuhubiri nikiwa na taa mbele yangu. Likaniponyoka. Nikalirudisha, upande uliovunjika nikauelekeza ukutani. Na uliponiambia nihesabu, ulimi ukaniwia mzito kumtaja mkosaji, ila haukuwa mzito kuruka. Niliruka nne, nikaruka sita, nikaruka nane. Ukafika tisa, ukaweka ufito chini, ukatoka nje. Nilidhani nimekudanganya. Miaka yote hii nimeogopa uongo ule wa hesabu, kumbe uongo mkubwa ulikuwa kunyamaza kwangu, na mgongo uliolipa haukuwa wangu.

Jana nilimweleza Jefwa tukila ugali. Alicheka mpaka akapaliwa. Kumbe aliniona siku ile ile, kupitia dirishani. Nilipomuuliza kwa nini hakunitaja, alisema angenitaja ningepigwa mimi na yeye ndiye angehesabu, na kwa jinsi alivyokuwa akikuogopa angehesabu zote tisa bila kuruka hata moja. Ndipo nikakumbuka ile penseli yako. Nikaifungua Biblia tena. Tarehe ni ya Jumapili ile ile ya kioo. Tisa toa tatu. Mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini, nilidhanije kwamba hutasikia nne imepotea? Ulisikia, ukaniachia niruke, ukaandika penye sheria yenyewe, ukanyamaza.

La hesabu ulilijua. La kioo sijui kama ulilijua, sasa umelijua. Nisamehe, Baba. Nimekosa kwako na kwa ndugu yangu.

Likizo ya mwezi wa nane nitakuja. Kioo cha karabai nimeshanunua dukani hapa Malindi, nimekifunga ndani ya kanga mbili, nitakipakata mwenyewe mpaka Kaloleni. Mwambie Mama aniwekee mihogo ya nazi, na umsalimie kila anayeuliza habari zangu. Wewe nakuachia mikononi mwa Mungu, pamoja na goti lako. Jefwa anakuamkia kwa heshima zote, na anasema kama bado unanidai zile tisa, usimtafute mtu mwingine wa kuhesabu. Atahesabu yeye, na ataanzia tisa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kahonzi