Mlango Alioutengeneza Shabani

Jumamosi, Kimamba. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini matope bado yapo, na mimi sina raha.

Shabani yupo nyumbani. Mdogo wangu huyu alifungwa kwa kuvunja duka la watu kule Mikumi, na sasa karudi na cheti cha useremala alichokipata gerezani. Mama anakionyesha kwa kila mgeni. Cheti kinasema anajua kutengeneza milango. Kuifungua alikuwa anajua toka zamani.

Anataka nimpe banda lililo nyuma ya duka langu, alale na kufanyia kazi humohumo. Banda na duka vinatenganishwa na mlango mmoja tu. Nikamwambia autengeneze kwanza huo mlango na kuuwekea kitasa kipya, nione kazi yake. Ulikuwa mtego, nakiri.

Leo kashinda anapiga randa, nami nimeshinda namchunga kama mpunga ulioanikwa mbele ya kuku. Nawapimia wateja sukari, jicho liko kwake. Na shikamoo zake zimezidi, kila anayepita anaamkiwa. Mimi upole wa ghafla namna hii siuamini. Mtu akitaka kitu huwa mpole.

Alasiri akamaliza. Akapanga vifaa vyote juu ya gunia: randa, patasi, nyundo, bisibisi, na funguo zote za kitasa kipya. Kisha akavua kandambili, akageukia ukuta, akanyoosha mikono pembeni.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nasubiri unisachi, dada. Kule karakana hutoki mpaka usachiwe."

Alisema kawaida tu, kama anayesubiri chenji.

Ningeweza kucheka. Ningeweza kumwambia, shusha mikono wewe, nenda ukale.

Nilimsachi.

Mifuko, mikunjo ya suruali, hata kofia. Nilikuta kipande cha msasa kilichokwisha makali. Akasema, "Asante, afande," akashtuka, akacheka peke yake, akaenda kuoga. Mama alikuwa uani, ameona yote. Mpaka sasa hajanisemesha.

Mlango ni mzuri, unafunga bila kelele. Natamani ungekuwa mbaya, ningepata sababu.

Bado simwamini, huo ndio ukweli wangu wa leo. Ila kesho ataniuliza habari ya banda, na sijui nitamtazamaje usoni mtu aliyeninyooshea mikono akiwa hana kitu.