Marahaba Iliyotangulia

Jumatano, baada ya Isha

Bado naisikia ile marahaba ya leo, kama imebaki ikielea ukumbini.

Tangu ugue korona, Rahma wangu, hujarudi kuwa wewe yule. Mtoto wa miaka kumi na mbili unapanda ngazi unatua katikati kama mzee. Unasema ukisoma, maneno yanacheza, kama kitabu kiko chini ya maji. Daktari kasema watoto wengine hubaki hivyo kwa muda, kisha hupata nafuu polepole. Sikumuuliza polepole ni lini. Niliogopa jibu.

Kinachoniudhi ni bibi yako anayekaa huko ghorofani. Kila siku lawama: "Mtoto anaingia kimya, hata shikamoo hana. Ndivyo ulivyomlea?" Nshamwambia pumzi hazikutoshi. Anageuza uso.

Leo alasiri joto lilimfanya auache wazi mlango wake, ambao huwa umefungwa. Pazia linapepea, nyumba nzima kama imesinzia. Akakuita. Ukajibu "Naam" ya chini, ukaanza kupanda, nami nyuma yako, kama watu wa ndotoni. Katikati ukashika ukuta, ukahema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza bibi yako alizisikia zile pumzi.

Ukafika mlangoni, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, kabla hujamwamkia. "Njoo ukae."

Ukamlalia mapajani. Shikamoo yenyewe ilikuja karibu na Magharibi, nyembamba, nusu usingizini.

Akaiitikia tena.