Kwa Mama Daudi, Gulwe

Kaka Elia,

Hujambo? Huku Gulwe jua ni kali na upepo umejaa vumbi. Jana nilifika kwa mama yake Daudi, rafiki yako aliyefia Everest. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda. Tukiwa tunakula akauliza, "Ni kweli mwanangu wamemwacha kule juu kwenye barafu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Hewa ni haba mno. Wanaokwenda kumshusha wanaweza kufa nao."

"Basi wasimfuate," akasema. "Nao wana mama zao."

Nililia mbele yake, kaka. Najua mwakani unapanda mlima uleule. Hali ikibadilika, geuka, hata kama kilele unakiona. Tunakupenda ukiwa huku chini.

Dada yako,
Neema