Spana Namba Kumi na Nne

Lincolnshire,
9 Machi

Kaka yangu mpendwa Desmond,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji Hilda. Nyonga yako inaendeleaje, au bado unabishana na daktari? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi, nami nayaambia yanyamaze.

Unaikumbuka ndege yetu ya mabomu, ile bibi kizee tuliyoihudumia jeshini, ukiwa na utepe wako mpya wa cheo begani? Basi ipo hapa! Watu wa makumbusho waliikuta inaoza pembeni mwa uwanja, na sisi wazee wa kujitolea tunaitengeneza ili watu waje kuitazama. Nimekwangua rangi tabaka nne mpaka nikaifikia ile ya kijivu tuliyoipaka wenyewe. Machozi yakanitoka, nikasingizia dawa ya kuondolea rangi. Beryl, mwalimu mstaafu anayetusimamia, hakudanganyika. Aliniuliza nimekuja kuitengeneza ndege au kuiposa, maana kama ni kuposa, chai inapoa.

Anatubana kama enzi zetu. Kila kifaa kimechorewa kivuli chake ubaoni, na ndege haifungwi mpaka kila kivuli kifunikwe.

Wiki iliyopita tulifungua bawa la kushoto. Beryl akapenyeza mkono nyuma ya tangi la mafuta, akatoa spana yenye kutu. Akaifuta kwa aproni, akaisoma namba iliyochongwa: kumi na nne. Wenzangu wakashangilia, wakauliza ni mzembe gani huyo aliyeisahau. Mimi nikakaa chini.

Ni namba ya vifaa vyako, kaka. Siku tatu waliipekua ndege ile wasiione, wakakuvua utepe mbele yetu sote, nawe unaapa kwamba siku ile hukuigusa. Hata baba hakukuamini. Na kweli hukuigusa. Spana yangu ilikuwa imelika meno, nikachukua yako ulipokwenda kula, bila kukuomba. Ilipoanza kutafutwa sikukumbuka nimeiacha wapi, ila nilijua ni mimi. Niliogopa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sawa, lakini hii hamsini na mitatu iliyofuata sina cha kuisingizia. Wewe ukahamia Australia, nami nikawa nakutumia kadi za Krismasi zenye maneno matamu. Nisamehe, kaka. Nimekukosea vibaya sana.

Niliwaambia wote palepale. Beryl akaniletea chai ya sukari vijiko vitatu, akasema niache kulia kwenye bawa lake, niende nikamwandikie mwenyewe. Kibao cha maonyesho nimekiandika kwa mkono wangu: iliyosahauliwa na Clifford Raynor, Desmond Raynor hakuwa na kosa.

Nibusie shemeji, na wajukuu wote. Beryl amechora kivuli kipya ubaoni, cha spana yako, na amekataza mtu yeyote kuitundika isipokuwa wewe. Sheria unaijua, kaka. Bawa bado liko wazi.

Mdogo wako,
Clifford