Televisheni ya Kutazamwa Kutoka Kando

Changamwe, Mombasa

Kwako Baba Kwamboka, mzee wangu wa Manga,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili kutoka huku kwa joto. Kifua kimetulia? Na goti lile? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa au ananingoja mimi? Huku sisi ni wazima. Mimi nimenenepa hata, na mjukuu wetu ana meno mawili tayari, anauma kidole changu kama wewe unavyouma mahindi. Kwamboka anataka nikae naye mwezi mmoja zaidi. Nimemwambia lazima nimuulize baba yake kwanza, lakini unanijua, nimeshakubali.

Nimeandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa hata ukiwa pale stendi ya boda boda, na maneno haya ni yako na yangu. Barua nimeiweka ndani ya boksi la televisheni ninayokutumia, juu kabisa, pamoja na remote. Isome kabla mwanetu Nyamweya hajaanza kutoboa ukuta.

Acha nijisifu kidogo. Yule msichana wako uliyesema ufundi utamshinda, huku wanaume wazima wanamletea televisheni zao wakizibeba kama watoto wagonjwa. Wanamwita Fundi, hata mzee mwenye ndevu nyeupe. Juzi alifungua moja mezani akaniita.

"Mama, wewe unafikiri mwanga unatoka wapi?"

"Kwa kioo. Si ndicho kinang'aa?"

"Kioo chenyewe hakina mwanga hata kidogo." Akakiinua taratibu, na chini yake nikaona taa ndogo ndogo, kila moja kama punje ya mtama, zimepangwa kwa mistari kama maharagwe shambani. Kumbe hiyo LED inayoandikwa kwenye maboksi ni hizo taa tu. Zinamulika kutoka nyuma, na kioo cha mbele kinapitisha mwanga hapa na kuuzuia pale, ndio unapata picha. Zile taa zikichoka, kioo kinaweza kuwa kizima kabisa na usione kitu. Yeye hubadilisha mistari ya taa tu, na mwenye televisheni anaondoka akiimba. Mimi nilifika darasa la saba na nimeelewa. Hiyo akili yake mnasema ameitoa wapi kama si kwangu?

Sasa nisikilize, mzee wangu, na usikasirike.

Mwaka jana Kwamboka alipotuma ile televisheni ya kwanza, ni mimi niliyesema iwekwe kwa Nyamweya, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na stima na yetu haikuwa nayo. Nilifikiria stima nikasahau miguu yako. Kwa desturi yetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na sikutaka uingie. Lakini hukuniuliza, "Na mimi nitatazamia wapi?" Nilijua siku uliponiambia kwa simu kwamba televisheni ya Nyamweya ni mbovu, wakimbiaji wana nyuso za majivu. Nikajiuliza, huyu mtu amewaona wakimbiaji akiwa wapi? Kumbe unasimama nje ya dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ndizi zake.

Halafu ikaja ile Jumapili. Mbio zimebaki mizunguko miwili, Moraa mke wa Nyamweya akavuta pazia. Ukaenda zako. Tangu siku hiyo chakula anachokutumia mke wa mwanao kinarudi jikoni kwake kama kilivyotoka, na wewe unasema umeshiba. Wiki tatu umeshiba, Baba Kwamboka? Kwa ndizi mbivu na chai ya rangi? Nyamweya ndiye aliyeniambia, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Anasema mkewe ameanza kuongea habari ya kurudi kwao Ikonge apumzike kidogo. Sote tunajua kupumzika kwa namna hiyo hukaa muda gani.

Nilimweleza Kwamboka habari yote. Akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza dirisha linaangalia wapi na ilikuwa saa ngapi. Nikasema linaangalia jua la jioni, na ilikuwa kama saa kumi. Akachukua televisheni ya mteja akaiweka mlangoni juani. Mzee wangu, sikuona picha. Nilijiona mimi mwenyewe na kitambaa changu cha kichwa. Zile taa za nyuma ni kidogo sana mbele ya jua, kioo kinageuka cha kujitazamia. Moraa alivuta pazia ili aone mbio. Hakujua kuna mtu nje, kwa maana wewe husimama kando kwa heshima, hata kukohoa hukohoi.

Na zile nyuso za majivu, hazikuwa ubovu. Kuna aina ya kioo ambacho ukikitazama mbele ni kizuri sana, weusi wake ni weusi kweli, lakini ukienda kando rangi zinakimbia. Wewe ulikuwa kando. Umekasirikia jua na kioo, ukamwadhibu mtoto wa watu.

Basi tukaenda dukani mjini. Zote zilikuwa zinang'aa kupita kiasi, Kwamboka akasema dukani huziwasha mwanga mpaka mwisho ili zikuvute. Akamwambia kijana wa duka aushushe. Mimi nikaanza kutembea upande, hatua kwa hatua, mpaka nikagonga friji.

"Mama, televisheni hutazamwa kutoka mbele," yule kijana akasema.

"Huko kwenu. Kwetu viti vimezunguka kuta zote nne."

Alitaka kunipa ile kubwa ya inchi hamsini na tano. Nikamwambia kutoka kiti cha mzee wangu mpaka ukutani ni hatua zangu nne, nitampa kizunguzungu. Tumechukua arobaini na tatu, ya kioo kinachoonekana vizuri hata kutoka kando, na king'amuzi kiko ndani, antena ya Nyamweya inatosha. Mambo ya intaneti hukuyaomba. Weusi wake ni wa kijivu kidogo, Kwamboka ameniambia ukweli, lakini sura ya mtu inabaki sura ya mtu popote ulipo. Ndani kuna pia kifaa cha kuilinda stima ikiruka, usikitoe. Sasa nyumba yetu ina stima, iwekwe ukuta wa kalenda, mbali na dirisha.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie dawa ya miguu nimepata. Nisalimie dada yako, na yule jirani ninayechuma chai naye, asiniharibie mistari yangu. Wajukuu uwabusu, usione haya.

Moja la mwisho. Mimi sikufikiria kununua televisheni nyingine. Moraa ndiye aliyepiga simu akasema, "Mama, mtafutieni Baba televisheni yake mwenyewe, iwe nyumbani kwake." Alinikataza nisikwambie. Na kile kioo cha kando nilikitafuta kwa ajili yake, maana kwa heshima ya mkwe hawezi kuja kukaa kwenye viti mbele yako, lakini kutoka jikoni kwangu ataona vizuri. Mbio zikianza, ule mlango wa jikoni uache wazi.

Mimi ni yule yule wako, wa miaka yote,
Mama Kwamboka